Mgongo wa Zamda

Hapo zamani, zamani ya chungu, sufuria bado haijaijua njia ya kwetu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Mwambisi. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, nikishaanza sitaki kukatizwa. Na nyie wanaume mnaochekelea huko nyuma, kaeni vizuri. Hadithi hii ni ya chumba ambacho hamruhusiwi kuingia, ingawa kila mmoja wenu alitokea humo.

Mwambisi walikuwa na desturi yao ya kuzaa. Mwanamke akishikwa na uchungu, haachwi. Haachwi hata kwa kwenda kuchungulia chungu jikoni. Anakalishwa kwenye kigoda kifupi, na nyuma yake anakaa mwanamke mwingine, kifua kwa mgongo, mikono imemzunguka tumbo, na wote wawili wanafungwa kiunoni kwa kanga moja. Huyo wa nyuma waliita mgongo. Mbele anakaa mkunga, mwenye kumpokea mtoto. Kazi ya mkunga ni mikono. Kazi ya mgongo ni moja tu: kukaa. Kumfuta jasho, kumsemesha, kumpumulia shingoni, na kukaa.

Na mgongo hauinuki. Hauinuki mpaka mtoto alie, na mzazi mwenyewe aseme kwa kinywa chake, "Mgongo wangu, inuka, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo hatoi mume, hatoi mkunga, hatoi mzee wa kijiji. Hutoa mzazi peke yake.

Malipo je? Mkunga alipewa kuku na doti ya kanga, akaenda zake. Mgongo alipewa jina. Mtoto wa kike aliitwa jina la mgongo, na tangu siku hiyo mgongo ana mtoto wa kumchotea maji uzeeni na kumlilia akifa. Kumfukuza kijijini mtu kama huyo haiwezekani, maana ukimfukuza yeye umemfukuza na mtoto. Mzazi hulitaja jina sikioni mwa mtoto siku ileile, jua halijatua. Na ikitokea mgongo hakupewa jina, basi, jamani, watu wote wanajua maana yake: mgongo huyo aliinuka. Alimwacha mtu katika uchungu. Hiyo ni aibu ambayo mtu huzikwa nayo.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Zamda. Mumewe Mbaraka alimtoa ng'ambo ya mto, akamleta Mwambisi hana mama, hana shangazi, hana hata binamu wa kumwazima ungo. Tumbo lilipoanza kuonekana, wenzake walifurahi, yeye akaanza kukosa usingizi. Kwa desturi mgongo ni mama yako, au shangazi yako, au dada yako mkubwa. Yeye angemwegemea nani?

Nyumbani mle alikuwamo wifi yake, Tunu, dada wa Mbaraka. Lakini Tunu hakupata mtoto. Waume wawili walimrudisha kwao kwa sababu hiyo, na Mwambisi walikuwa na msemo wao mbaya: mgongo usiobeba hauegemewi. Mwanamke asiyezaa aliruhusiwa kuchemsha maji, kuleta kuni, kufua matambara. Kukaa nyuma ya mzazi, marufuku. Tunu alikuwa amechemsha maji ya uzazi wa nusu ya kijiji, na ulimi wake ulikuwa umechemka pamoja nayo.

"Wifi," alimwambia Zamda siku moja wakikanda udongo, "huko kwenu hata paka hayupo wa kuja kukukalia?"

Zamda alilia hadi udongo ukalowa upya. Alimchukia Tunu tangu siku ile, na alikuwa na haki.

Mkunga wa kijiji alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mzee wa vidole virefu. Watoto wote wa Mwambisi walipita mikononi mwake, na hapakuwa hata na kuku aliyeitwa Kidawa, kwa sababu siku zote alikaa mbele. Basi akamjia Zamda uani kwake.

"Nimesikia unalia," akasema.

"Shikamoo, bibi. Silii."

"Marahaba. Unalia. Sikiliza, mwanangu. Mimi nitakuwa mgongo wako. Mbele atakaa binti yangu Mwajabu, nimeshamfundisha, na mikono yake sasa inaishinda yangu. Maisha yangu yote nimekaa mbele. Nataka na mimi nisikie mtoto mmoja akiitwa kwa jina langu."

Watu walimwonya. Bi Kidawa, kifua chako kinakusumbua. Bi Kidawa, ukipanda kilima unapumzika njiani. Kaka yake, Mzee Mwinyimvua, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji, alimkataza waziwazi. Bi Kidawa akawacheka. Kukaa tu, alisema, kunamshinda nani?

Siku ikafika. Asubuhi Zamda yuko uani anaanika vyungu vibichi, uchungu ukamshika, akasimama na chungu mkononi hajui akiweke wapi. Tunu ndiye aliyekuja akakipokea. Hakusema neno, jambo la ajabu kwake. Akamshika mkono akamwingiza ndani.

Bi Kidawa akaja na binti yake. Kigoda kikawekwa. Kanga ikafungwa. Zamda akaegemea kile kifua cha kizee, akasikia moyo ukimgonga mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu avuke ule mto akajiona ana mtu.

"Bibi, upo?"

"Nipo."

Uchungu ukija, Bi Kidawa alipumua naye. Ukienda, alimpigia umbea: nani alizaliwa akipiga chafya, nani baba yake alizimia nje mlangoni, mzee gani mwenye ndevu leo alitoka kichwa kimechongoka mama yake akataka kumrudisha. Zamda alicheka huku machozi yanamtoka. Asubuhi ikaenda hivyo.

"Bibi, upo?"

"Nipo, mwanangu. Niende wapi? Si umenifunga?"

Jua likapanda. Uchungu ukawa mkali. Mwajabu akapapasa, akapapasa tena, uso ukabadilika.

"Mtoto ametanguliza matako," akasema. "Sasa nisikilizeni. Zamda akae hivihivi. Asilazwe, asisimamishwe, asitikiswe. Wala asishtuliwe. Akishtuka vibaya mtoto ametoka nusu, kichwa kitabaki ndani, tutawakosa wote wawili."

Mnanielewa? Asitikiswe, asishtuliwe. Shikeni hapo.

Baada ya hapo Zamda akasikia ule moyo nyuma yake unagonga vingine. Unakimbia, unasita, unakimbia. Bi Kidawa akainamisha mdomo sikioni mwake, akasema kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, nipe ruhusa kidogo. Ninyooshe kifua tu, nirudi."

Na papo hapo uchungu ukaja. Zamda akaidaka ile mikono ya kizee, akaing'ang'ania.

"Usiniache, bibi! Ukiinuka nakufa!"

Bi Kidawa akarudisha kidevu begani mwake.

"Basi," akasema. "Sikuachi."

Mkono mmoja wa Bi Kidawa ukajichomoa, ukatoka tumboni mwa Zamda, ukaenda juu. Kisha ukarudi. Zamda akaushika tena. Kwa muda kile kifua kikamlemea, kizito mno, akataka kuteleza. Halafu kikasimama imara. Kikawa imara kuliko asubuhi, na Zamda akamshukuru Mungu aliyempa kizee nguvu mpya.

"Bibi, upo?"

Hapakuwa na jibu.

"Bibi! Upo?"

"Nipo."

Sauti ilikuwa imekauka. Zamda akafikiri ni kiu. Mikono aliyoishika ilikuwa ya baridi, akafikiri ni yale maji ya kumfutia. Mtu aliye katika uchungu hafikirii mengi, na mliozaa humu mnajua.

"Tunu, maji ya moto!" Mwajabu akaita. Tunu hakuja. "Tunu! Unafanya nini huko nyuma ya mama?"

"Namkanda mgongo," Tunu akajibu. "Maji yako karibu na mkono wako. Chota mwenyewe."

"Huyu naye, hata leo!" Mwajabu akasonya, akachota mwenyewe.

Mtoto akaja. Matako, halafu miguu, mmoja, wa pili. Mwajabu hakuvuta. Alisubiri, mikono wazi, kama alivyofundishwa. Mabega yakatoka. Kikabaki kichwa. Hapo Mwajabu akainua macho ili amwambie mama yake jambo, akatazama juu ya bega la Zamda, akaganda. Mdomo ukafunguka. Ukafungwa.

"Mwajabu, kuna nini?" Zamda akauliza.

"Hakuna kitu, dada. Sukuma."

"Mbona unalia?"

"Ni moshi. Sukuma, dada, sukuma!"

Zamda akasukuma. Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa wa buluu, kimya, mikono imelegea. Mwajabu akamsugua mgongo, akamsugua, akampulizia puani, akamsugua tena, na machozi yanamdondokea mtoto tumboni. Kisha, mama wee! Mtoto akalia. Akalia kwa hasira, na alikuwa wa kike. Nje wanawake wakapiga vigelegele.

Zamda alicheka. Alikuwa amechoka kufa, akacheka. Akamweka mtoto kifuani, akafanya kile alichosubiri kukifanya tangu asubuhi. Akasema kwa sauti ili na walio nje wasikie:

"Mgongo wangu, inuka, nimekuruhusu!"

Mgongo haukuinuka.

Akafikiri kizee kinamtania. "Bi Kidawa, inuka bwana, miguu yako itakufa ganzi. Nimekuruhusu."

Vigelegele vya nje vikafifia kimoja kimoja. Mwajabu amefunika uso kwa viganja vyenye damu. Zamda akageuza shingo polepole, akaona uso wa Bi Kidawa umelala begani kwake, macho yako nusu wazi, hayatazami kitu. Na juu ya kichwa cha Bi Kidawa akauona uso mwingine, umelowa jasho. Ilikuwa sura ya Tunu.

Tunu alikuwa amepiga magoti nyuma ya maiti. Kifua chake kwenye mgongo wa maiti, mikono yake imepita ubavuni kuishikilia isianguke. Zamda alimwegemea mfu, na mfu alimwegemea Tunu.

"Lahaula!" Zamda akasema. Akasema tena, na tena, na hakuwa na neno jingine.

Ilibidi kanga ikatwe kwa kisu, maana fundo lilikuwa limekaza. Tunu alipoachia mikono hakuweza kuinyoosha, wakamkokota nje imekunjika vilevile. Waoshaji wakaingia. Mmoja wao akatoka mbio ameshika kichwa.

"Jamani! Huyu hakufa sasa hivi! Huyu amepoa! Amekufa zamani, tangu jua liko utosini!"

Toba! Uani palilipuka. Aliyeketi akasimama, aliyesimama akakaa chini. Mwanamke kaegemea maiti mchana kutwa! Mtoto kazaliwa mapajani mwa maiti! Na ile sauti iliyokuwa ikijibu "nipo" ni ya nani? Wengine wakasema ni jini. Mbaraka akatapika karibu na tanuri. Na Mwajabu, binti wa marehemu, akamrukia Tunu akamshika shingo ya nguo.

Mzee Mwinyimvua akawatenganisha. Alikuwa ametoka kumlilia dada yake, macho mekundu.

"Jeneza liko mlangoni," akasema. "Dada yangu hatatoka hapa jina halijatajwa, maana akitoka bila jina, ametoka kama mgongo ulioinuka. Na jua linakwenda. Zamda, mwanangu, kaa hapo kizingitini na mtoto wako usikilize. Wewe ndiye wa kutaja. Mwenye neno aseme."

Zamda akakaa kizingitini, mtoto kwenye titi.

Akaanza Mwajabu.

"Mimi sijiombei. Namwombea mama yangu. Mama alikaa. Alikaa mzima, akakaa mgonjwa, akakaa amekufa! Mgongo gani tena mnaoutaka? Miaka yote alipokea watoto wenu mkampa kuku, hamkumpa jina. Leo ametoa roho yake, mnamnyima? Na huyu," akamnyooshea Tunu kidole, "huyu alimwona mama yangu anakufa akanyamaza! Nilikuwa hatua mbili mbele yao! Ningemlaza, ningempepea, ningempa dawa ya kifua, iko mkobani mwangu! Wakati ule mtoto hajaanza hata kuchungulia, mgongo ungebadilishwa. Amenificha mama yangu. Amemwacha afe bila kuombewa!"

Watu wakanguruma. Wengi walisema Mwajabu ana haki, na mlioko humu mnaotikisa vichwa, subirini.

Akasimama Tunu. Mikono bado imekunjika mbele yake.

"Hakufa bila kuombewa," akasema. "Nilimsomea shahada sikioni, mimi, kwa kinywa changu. Niliona kichwa kinaanguka nikaenda kumshika. Akauinua mkono, akaniwekea kidole mdomoni, hivi. Nikaelewa ninyamaze. Nikanyamaza. Zamda akauliza, 'Upo?' Marehemu hakuweza kujibu, nikajibu mimi."

"Mwongo!" Mwajabu akapiga kelele. "Mkono wa mtu anayekufa unaomba msaada! Nani alikiona hicho kidole?"

Hapana aliyekiona. Lakini Zamda alikumbuka ule mkono uliotoka tumboni mwake ukaenda juu, kisha ukarudi. Mkono aliujua. Ulikwenda kusema nini, hakujua.

"Na wewe, Mwajabu," Tunu akaendelea, "mbona hujawaambia na hili? Mtoto alipofika mabegani uliinua macho. Ulimwona mama yako. Ulimwona vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nyuma yake. Ukasema ni moshi. Moto ulikuwa umeshazimika, bibi wee. Sikuutia hata kijiti tangu nishike ile maiti."

Mwajabu akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilimwona," akasema. "Ningefanyaje? Kichwa kilikuwa ndani. Nilifikiri ni mimi peke yangu ninayejua."

"Na mimi nilifikiri ni mimi peke yangu," akasema Tunu.

Jamani! Wanawake wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na maiti katikati, kila mmoja anamficha mwenzake! Wanawake wazima walilia pale, na wanaume wakajifanya wanatazama mawingu.

Ndipo wakasimama wanawake wa Mwambisi, waliozaa na wasiozaa, wakasema kwa sauti moja: jina apewe Mwajabu. Nani mwingine angeweza kumwona mama yake mfu uso kwa uso, na mikono isitetemeke? Angepiga ukelele mmoja tu, ule ambao kila binti ana haki ya kuupiga, leo majeneza yangekuwa matatu. Kama si mikono ile, hayupo mtoto wa kupewa jina. "Desturi haijawahi kumpa mkunga wa mbele," walisema, "lakini lini desturi iliona siku kama hii?"

"Silitaki!" Mwajabu akalia. "Mpeni mama yangu!"

"Mimi nalitaka," akasema Tunu.

Watu wakageuka. Hata mimi ninayesimulia, nikifika hapa nashtuka. Mtu anajiombea jina mwenyewe! Na nani? Mgumba, mkali wa ulimi, anayetuhumiwa kuficha kifo!

"Nalitaka, na sioni haya," akasema. "Mmenikataza kukaa nyuma ya mzazi kwa sababu tumbo langu ni tupu. Nimewachemshia maji miaka yote. Leo nilibeba watu wawili, mmoja hai mmoja maiti, na yule aliyekuja akawa wa tatu. Mikono yangu hii hapa, haikunjuki. Zamda alipouliza 'upo?' aliyekuwapo ni nani? Maiti haisemi nipo. Kama si mimi, marehemu angelala chini, na Zamda angelala juu yake, na kichwa cha mtoto kingebaki. Mniite mbaya, ni kweli, nina maneno mabaya. Lakini mgongo ulikuwa wangu."

Mzee Mwinyimvua akasimama, akaegemea fimbo.

"Nitasema yaliyo wazi, ili asije mtu kulalamika kesho. Akitajwa Kidawa, dada yangu anazikwa kwa heshima, na Tunu atakuwa mtu aliyeficha kifo cha watu. Atatoka Mwambisi leo, hatarudi. Akitajwa Tunu, hawezi kuguswa na mtu, lakini dada yangu anakwenda kaburini kama mgongo ulioinuka, na aibu hiyo haioshwi. Akitajwa Mwajabu, tumeiheshimu mikono iliyookoa, na hao wawili wote wamekosa. Jina ni moja. Mtoto hafungwi majina mawili, akifungwa huwa hatembei."

Tunu akaingia ndani, akatoka na kifurushi chake amekipakata kwenye mikono iliyokunjika, akakiangusha miguuni. Alikwisha kuijua hukumu ya watu. Kisha akamtazama Zamda. Alimtazama tu, kwa muda mrefu.

Zamda akauelewa ule mtazamo, damu ikamwisha. Tunu alisikia! Alikuwa pale motoni, na masikio yake yananasa hata mchwa akila mlango. Aliisikia ile sauti ndogo ikisema, "Nipe ruhusa kidogo," na alilisikia jibu. Neno moja tu lingemtoa Tunu hatiani: mimi nimeficha kifo, lakini aliyekizuia kizee kunyoosha kifua ni Zamda. Tunu, mwenye ulimi usiomwogopa mtu, alikuwa amesimama na kifurushi miguuni, na neno hilo hakulisema. Zamda akangoja aliseme. Hakulisema.

Zamda akasimama. Watu wakafikiri anataja jina.

"Aliniomba ruhusa," akasema. "Bi Kidawa. Kabla mkono haujainuka. Aliniomba anyooshe kifua kidogo arudi. Nilimnyima. Nilimwambia usiniache. Kwa hiyo alikaa."

Hapo, wenzangu, Mwajabu aliinua uso kutoka vumbini akamtazama Zamda kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mzee Mwinyimvua fimbo ikamtoka mkononi. Mbaraka akapiga hatua kumwendea mkewe, akasita katikati ya ua.

"Marehemu alinyamaza kwa ajili yangu," Zamda akasema. "Tunu alinyamaza kwa ajili yangu. Mwajabu alinyamaza kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyesema. Na nilichosema ndicho hicho."

Mzee akaokota fimbo yake.

"Mungu atatuhukumu sote," akasema taratibu. "Lakini mzazi ni wewe bado, na desturi haina mwingine. Jua linagusa kilima. Taja."

Basi tazameni. Jeneza limenyanyuliwa, liko mabegani mwa watu, Bi Kidawa yumo ndani, amekaa kwa ajili ya mtu kuliko alivyowahi kukaa mtu yeyote, hata ruhusa ya kuinuka alipewa amekwisha kufa. Mwajabu yuko chini, ameshika kipande cha kanga iliyokatwa, ananusa harufu ya mama yake. Tunu ameinama anachukua kifurushi, na hawezi kukishika, maana vidole havijakunjuka bado. Na Zamda ameinamisha mdomo sikioni mwa mtoto.

Mtoto amefungua macho. Anasubiri.

Msinitazame mimi. Nyie mliokuwa mnatikisa vichwa, mliokuwa mnasonya, na wewe uliyetaka Tunu afukuzwe tangu kule kwenye paka, mdomo uko sikioni na jua halingoji. Aliyekaa akafa, au aliyemshika mfu akajibu nipo, au aliyemwona mama yake akasema ni moshi? Je, nani alistahili kuitwa mgongo wa Zamda?